Mwalimu na Chombo: Jawabu kwa Walioniuliza Juu ya Kusomesha kwa Simu na Vishikwambi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu na jamaa zake na sahaba zake, napenda ndugu zangu Waislamu wa pwani wajue sababu iliyonifanya niandike karatasi hizi chache. Nilizaliwa Pangani, nikasoma chuoni kwa ubao na wino kama walivyosoma baba zetu, kisha nikaingia madrasa. Na sasa yapata miaka 20 nasomesha watoto huku Tarime, na mara moja kwa mwezi huenda Mugumu, katika wilaya ya Serengeti, kuwatazama Waislamu walioko huko, ambao ni wachache na nyumba zao zi mbalimbali. Mwaka jana jamaa wa pwani, ambao sitawataja, waliniletea sanduku la vishikwambi 12, kila kimoja kimetiwa Qur'ani nzima kwa sauti ya msomaji mashuhuri, na vitabu vya fiqhi, na masomo ya hesabu na ya Kiswahili. Pamoja na sanduku ilikuja barua yenye maswali mawili: Je, vyombo hivi vimewafaa watoto? Na je, walete vingine? Nilikaa na barua ile miezi minane sikuijibu, kwani kila nilipotaka kuandika "naam" lilinijia jambo la kunizuia, na kila nilipotaka kuandika "la" nilijiona namdhulumu mtu. Jawabu yangu ni hii, na nimeona heri niipige chapa, kwani najua si wao peke yao waulizao.

Kwanza na tuondoe lisilohitaji maneno mengi. Wako watu, na baadhi yao ni walimu wenzangu, wasemao ya kwamba chombo cha umeme hakifai kusomeshea kwa kuwa hakikutumiwa na waliotutangulia. Maneno haya hayana mshiko. Ubao tuusifuo ni chombo, na kalamu ya mwanzi ni chombo, na wino wa masizi ni chombo. Imam Shafii mwenyewe, Mungu amrehemu, alipokuwa mtoto yatima huko Makka, mama yake hakuwa na cha kumnunulia karatasi, akawa huandika masomo yake juu ya mifupa. Wala hatukusikia tangu siku ile mtu aliyesema kuwa mfupa ni sunna na karatasi ni bid'a. Mateka wa Badri waliojua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, wala haikuulizwa kalamu ile imetoka kwa nani. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alileta mtambo wa kupigia chapa, na vitabu vya dini vikatoka humo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotaka kuwazindua watu wa Mombasa mwaka 1930 alitoa gazeti, Sahifa. Na Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri aliposoma Qur'ani yote, ikanaswa sauti yake na kutolewa mwaka 1961, ni nani katika sisi aliyeziba masikio?

Nimeulizwa pia juu ya udhu. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema ya kuwa ubao ulioandikwa Qur'ani kwa ajili ya kusoma una hukumu ya msahafu katika kuguswa, na wakamsamehe mtoto aliyefikia kupambanua aushike bila ya udhu kwa ajili ya kujifunza, kwani kumlazimisha kutawadha kila mara ni uzito. Ama kioo cha simu, wengi katika wanavyuoni wa zama zetu wameona hakina hukumu ya msahafu, kwa kuwa kinachoonekana humo ni nuru ipitayo wala si maandishi yaliyokaa. Atakaye kujitahadhari na atawadhe. Maji hayajamdhuru mtu. Hayo yatosha.

Sasa nitasema manufaa niliyoyaona, na nitayasema pasina kuyapunguza, ili mtu asije akadhani naandika kwa wivu wa mwalimu aogopaye kunyang'anywa kazi yake.

Nanyi watu wa Tanga mwalijua jambo hili kuliko mimi, kwani lilitokea mlangoni penu. Taasisi moja ya Marekani iitwayo XPRIZE iliweka shindano, fedha zake zikatolewa na tajiri Elon Musk, la kutengeneza programu ambayo mtoto atajifunza kwayo kusoma na kuandika na kuhesabu pasipo mwalimu. Vijiji 170 vya mkoa wa Tanga vilichaguliwa, na karibu watoto 2,700 wakapewa vishikwambi vilivyotolewa na kampuni ya Google, na Shirika la Mpango wa Chakula la Umoja wa Mataifa likaweka mitambo ya jua ya kuchajia. Kabla ya kuanza, watoto 74 katika kila 100 ilisemekana hawajapata kuingia shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 hesabu ya hao wasioweza kusoma neno ilishuka kwa nusu. Na mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa baina ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Mimi nimeitazama hesabu hii mara nyingi. Aliye na insafu lazima akiri: watoto ambao hakuna mtu aliyewasomesha, wala serikali wala baba zao wala sisi wenye vilemba, walisoma. Ni aibu yetu kwamba aliyewafikia kwanza ni chombo, na mwenye aibu hana haki ya kukitukana kilichomsitiri. Lakini nusu ya pili nayo ipo. Watoto wale walikuwa na chombo kile kile, na jua lile lile la kukichajia, na miezi ile ile 15, wala hawakusoma hata neno. Nimejiuliza sana, usiku, ni nani aliyekaa karibu na mmoja wao akamwuliza, "Mwanangu, ni wapi palipokushinda?"

Na huku kwetu nimeona mfano wake. Iko nyumba moja upande wa Nata, karibu na mpaka wa mbuga ya Serengeti, ambayo baba yake ni mlinzi katika hoteli ya watalii. Kutoka kwake hata kwa Mwislamu wa pili ni mwendo wa kutwa kwa miguu, na mimi humfikia mara tatu kwa mwaka Mungu akinijaalia nauli. Nilimpa chombo kimoja katika vile 12. Nilipokwenda mara ya pili nilimkuta binti yake wa miaka tisa amehifadhi sura fupi 11, na babaye, ambaye alikuwa hajui ila Fatiha na Ikhlasi, anasoma nyuma ya mwanawe, na mtoto anamrudisha pale anapokosea. Nilimsikiliza binti yule na nikamrekebisha mahali kama saba hivi, akarekebika palepale. Basi nani atasimama mbele ya nyumba ile aseme chombo hiki kina madhara? Ndiyo maana nimesema kila nilipotaka kuandika "la" nilijiona namdhulumu mtu, na mtu mwenyewe ni huyu.

Katika shule za serikali pia liko jambo la kusemwa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya watu na makazi ya mwaka 2022 havikutupwa, waligawiwa walimu wa nchi nzima, pamoja na wa wilaya zetu hizi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, rafiki yangu, ameniambia kuwa zamani alikuwa akiandaa somo kwa kitabu kimoja kilichochanika jalada, na sasa aweza kupata mtaala wote mkononi. Hilo ni jema, na tazameni pia kwamba chombo kile alipewa mwalimu, na mwalimu ndiye apelekaye kwa mtoto. Nitalirudia jambo hili. Lakini rafiki yangu huyu alinichekesha siku moja. Alinialika shuleni kwake katika kijiji cha Serengeti nione somo la wanyama. Akawakusanya watoto 60 mbele ya kioo kisichozidi ukubwa wa daftari, akawaonyesha picha ya nyumbu wanaovuka mto Mara. Watoto wale wanawajua nyumbu kama watoto wa Pangani wawajuavyo samaki. Wengine wamepata kupigwa na baba zao kwa kuacha mbuzi wachanganyike nao. Walisukumana, wakashangaa, wakapiga makofi. Nilipomwuliza mtoto mmoja amejifunza nini akasema, "Nyumbu wanaweza kuingia ndani ya simu." Nimemsimulia mwenyewe ya kuwa nitaliandika, na amenipa ruhusa.

Ng'ambo ya mpaka hali haikuwa mbali na hiyo. Ukitoka Tarime kwenda Sirari ni mwendo mfupi wa gari, na ukivuka umefika Isebania, nchi ya Kenya, na Wakuria ni wale wale pande zote mbili. Serikali ya Kenya tangu mwaka 2016 iligawa vyombo zaidi ya milioni moja kwa watoto wa darasa la kwanza, katika shule zaidi ya elfu 20, na zilikuja habari za shule zilizovifungia kabatini kwa kuogopa wezi, au kwa kukosa umeme, au kwa kuwa mwalimu mwenyewe hakufunzwa kuvitumia. Sitaongeza, ya jirani yanatosha kutajwa mara moja.

Naja sasa kwenye lile lililonizuia kuandika "naam".

Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, shule zilifungwa tangu kati ya Machi hata mwisho wa Juni, nasi tukafunga chuo. Kijana wangu mmoja wa miaka kumi hakutaka kupoteza siku zake, akachukua simu ya baba yake na kuhifadhi sura ya Mulku kwa kuisikiliza. Tuliporudi nilikuwa na watoto wengi wa kuwaanza upya, naye akaniambia, "Maalim, mimi nimeshaihifadhi," nami nikamwamini, nikasema nitamsikiliza wiki ijayo, na wiki ikawa mwezi. Kosa hilo ni langu, si la simu. Zikafika siku za Maulidi, baba yake akaomba mtoto asome mbele ya watu. Akasoma kwa sauti nzuri mno. Alimwiga msomaji yule hata namna ya kuvuta pumzi. Wazee wakafuta machozi. Akafika katikati ya sura, akatoka katika aya moja akaingia katika nyingine isiyoifuata, pasina kusita, kwa sauti ile ile nzuri, akaendelea hata mwisho. Sura ile ina aya 30. Yeye alisoma 27.

Katika ukumbi ule hapakuwa na mtu aliyeligundua ila mimi na mzee mmoja kipofu, ambaye aliinua kichwa. Nilikaa nikitafuta la kufanya. Nikimsimamisha, nitamvunja mtoto na baba yake mbele ya watu waliokuwa wakilia; nikinyamaza, nimeacha Qur'ani isomwe na pengo. Nilinyamaza hata alipomaliza, akapewa zawadi yake, na watu walipokwisha kula nilimwita pembeni, nikamwambia. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawasawa. Mzee yule kipofu alinambia nilikosea, naye ni mtu ambaye neno lake nalichukua.

Tulipoitazama simu tukaona sauti ile iliharibika wakati wa kuhamishwa kutoka simu hata simu, ikakatika na kuungana. Mtoto alikuwa amehifadhi Qur'ani pamoja na ubovu wa chombo, wala hakuwa na njia ya kuupambanua. Akanitazama akaniuliza, "Maalim, kwani simu imesema uwongo?"

Swali hili ndilo lililonikalisha miezi minane, maana nilimjibu siku ile kwa haraka nikasema, "La, imeharibika tu," naye akatosheka, lakini mimi sikutosheka. Mtu akikusomea Qur'ani akaruka aya tatu, ama amesahau, ama hajui, ama amefanya kusudi. Na kwa kila moja katika hizo iko hukumu yake, na mwenyewe aweza kuulizwa. Simu haikusema uwongo, wala zile aya 27 haikuzisema kwa ukweli. Haiwezi mojawapo.

Wanavyuoni wa Hadithi, Mungu awarehemu, walipotaka kujua ni nani apokelewe maneno yake, walimtaka kila mpokezi awe na mambo mawili: udhibiti, yaani awe amelishika neno sawasawa kama alivyolisikia; na uadilifu, yaani awe mtu mwenye dini na murua, amchaye Mungu katika alisemalo. Aliyekuwa na uadilifu pasina udhibiti walimheshimu, wakamwombea dua, wala hawakuichukua Hadithi yake. Na aliyekuwa hodari wa kuhifadhi lakini hana uadilifu walimwacha vile vile. Basi mimi naona chombo hiki kina udhibiti mkubwa kuliko mtu, kikiwa kizima. Al-Husary wa mwaka 1961 yumo humo na kila mada yake na kila ghunna yake. Lakini uadilifu hakina. Nasema hivi pasina kukitukana, maana hata ubao hauna uadilifu, na msahafu wa karatasi nao waweza kutoka mtamboni umekosa ukurasa. Chombo si mukallafu, hakitasimamishwa Siku ya Hesabu kikaulizwa, "Ulimsomesha nini mtoto wa fulani?" Basi kila somo litokalo katika chombo linataka mtu wa kusimama nyuma yake na kusema, "Hili ni juu ya shingo yangu." Akiwapo mtu huyo, chombo kiwe cha mfupa, au karatasi, au kioo, yote ni mamoja. Asipokuwapo, mtoto ameachiwa udhibiti usio na mwenyewe.

Nitatoa mfano mwingine, nao ni mzito zaidi kwa upande wa fiqhi. Wakuria katika lugha yao hawana lamu. Ulimi wao huzoea ra mahali petu pa lamu. Sisi wa pwani tusicheke, kwani mangapi tuyachanganyayo ya aini na hamza, na ya ha nzito na ha nyepesi! Mwaka jana nilimpa mtoto mmoja wa Kikuria, aliyesilimu pamoja na baba yake, chombo katika vile 12, ajifunze Fatiha kwa kusikiliza. Akaisikiliza, kwa hesabu ya mama yake, zaidi ya mara 200. Alipokuja kunisomea, kila lamu ilikuwa ra. Kwa adabu sitaandika hapa alivyoyatamka. Nanyi mwajua ya kwamba katika madhehebu yetu Fatiha ni nguzo ya sala, na mwenye kubadili herufi yake ilhali aweza kujifunza, kisomo chake hakisihi. Mtoto yule hakuwa mvivu, na chombo hakikukosea hata mara moja. Kilitamka lamu iliyo safi mara 200, na sikio lake likaipokea ra mara 200, kwa kuwa sikio husikia lililolizoea. Nilimkalisha mbele yangu, nikafungua kinywa changu nimwonyeshe ncha ya ulimi inagusa wapi, nikamwambia atie kidole chake ahisi. Siku ya tano ilitoka. Alipoisikia mwenyewe alishtuka, akacheka, akakimbia kwenda kumwambia mama yake, hakungoja hata ruhusa.

Watu wengi hudhani kazi ya mwalimu ni kusema. Kusema ni nusu, na nusu iliyo nyepesi. Mtume wetu alidurusu Qur'ani pamoja na Jibrili kila Ramadhani, na katika mwaka wake wa mwisho mara mbili. Na hakuna aliyekuwa na udhibiti zaidi kuliko yeye. Imam Shafii aliihifadhi Muwatta ya Imam Malik angali kijana, kitabu chote kimo kifuani mwake, na juu ya hayo alifunga safari hata Madina akakaa mbele ya Malik akamsomea. Nawauliza, alikwenda kutafuta nini? Maneno alikuwa nayo. Alikosa sikio la mwenye kitabu, na jicho lake, na radhi yake.

Mtu atasema, "Ewe Sheikh, umepitwa na wakati, siku hizi viko vyombo visikilizavyo pia." Ni kweli. Mpwa wangu alipokuja kutoka Dar es Salaam alinionyesha programu iitwayo Tarteel, ambayo humsikiliza msomaji na kumwonyesha neno aliloliacha au alilolibadili. Nikakaa nikaijaribu kwa sura niisomayo tangu utotoni, na katika aya ya nane ikanishika: niliruka neno. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwani sijui ni miaka mingapi nimelisoma hivyo, wala watoto wangapi wamelichukua kwangu. Umri umezidi 50 na sikio langu la kushoto si lile la zamani. Basi nimekiri mbele yenu: chombo kilinifaa mimi mwalimu kwa kunitoa kosa, na tangu siku hiyo hukitumia kujihakiki kabla sijakaa na watoto. Lakini nilipompa yule mtoto wa lamu na ra, kilimwonyesha rangi nyekundu hapa na pale, naye akawa atazama rangi ile asijue imemtaka nini. Mimi nilifaidika kwa kuwa nilikuwa najua tayari. Asiyejua huonyeshwa kosa lake akabaki nalo.

Madhara mengine myajua na mengine ni makubwa, lakini sitakaa nayo: kwamba chombo kile kile kisomacho Qur'ani huonyesha mpira na uchafu kwa kuguswa kidole, kwamba mtoto hukesha nacho, kwamba huvunjika, na huku mafundi ni wachache. Haya ni ya mzazi, na mzazi anayo macho. Ila nitasema neno moja kwenu mabwana wa pwani, nanyi mnisamehe. Nilipokuwa likizoni Tanga niliona katika nyumba za watu wazuri, wenye kuswali safu ya mbele, mtoto wa miaka mitatu akilia hupewa simu, na wa miaka saba akiuliza swali huambiwa akaangalie katika simu. Wakati huo baba yupo barazani, na yeye ana simu yake. Msije mkanilaumu kwamba watoto wa huku ndio walioachwa na walimu.

Na hapa ndipo lilipo lililo zito katika jawabu yangu. Kabla ya kuja lile sanduku niliwaandikia jamaa hao hao mara mbili, nikiomba wamsaidie mwalimu mmoja kijana akae Mugumu, kwa chakula na mshahara mdogo. Yule niliyekuwa naye alikuwa mwema, lakini alikuwa na mke na hana kitu, akaenda Nyamongo kwenye dhahabu, wala simlaumu. Barua zangu hazikujibiwa. Kisha likaja sanduku. Mimi nimelipiga hesabu: thamani yake ingemweka mwalimu miaka miwili. Sisemi walikuwa na nia mbaya, nawajua, ni watu wa kheri. Lakini sanduku lina raha kwa mwenye kutoa. Hutolewa mara moja, hupigwa picha, haliugui, halina mke, haliandiki barua ya kuomba nauli, wala halimwambii mfadhili kwamba mtoto wake mwenyewe hajui Fatiha. Mtu ni mzigo wa kila mwezi. Basi nachelea tusije tukakipenda chombo kwa sababu kimetupunguzia watu wa kuwajibika nao, kisha tukakuita kupunguziwa huko maendeleo ya elimu.

Katika vile 12, viwili vimekufa. Vinne viko katika nyumba za upande wa Serengeti ambazo hazina mwalimu karibu, nami sitaviondoa huko hata siku moja atakapokuja mwalimu, na huenda hata hapo nisiviondoe. Sita viko kabatini katika chuo chetu cha Tarime, na hutoka siku ya Alhamisi baada ya alasiri. Kila mtoto husikiliza ile aliyokwisha kunisomea mimi, hasikilizi mpya. Wenzangu wawili wamenambia nimeigeuza kazi ya chombo juu chini, na huenda nimekosea. Lakini nimeona mtoto aliyesahihishwa kwanza husikia katika chombo kile ambacho hapo kwanza hakukisikia.

Basi mliouliza kama mlete vingine: msilete. Vile vilivyopo vinatosha kwa watoto niwezao kuwasikiliza, na vikizidi nitawagawia ambao sitawasikiliza. Mkitaka kuleta, leteni mtu. Mugumu kuna chumba nyuma ya msikiti, kina kitanda, na mlango wake hufungwa kwa kufuli. Awe anajua tajwidi na hesabu ya darasa la saba, na awe na subira ya baridi ya asubuhi, kwani huku si pwani. Akija na simu yake haitamdhuru.

Kijana wa sura ya Mulku sasa ni mkubwa, amenipita kimo. Zile aya tatu amezitia mahali pake zamani, na hazimtoki. Ila kila afikapo hapo husita kidogo, akaninyanyulia macho, kisha ndipo aendelee.